Mtungi Uliorudi Unang'aa

Mtungi wa hewa wa Danford ulikwenda dukani ukiwa mzima, ukarudi ukiwa mbovu. Ubaya ni kwamba ulirudi unang'aa. Danford aliupokea kwa mikono miwili, akacheka. Hakujua amebeba kitu cha kuua mtu.

Danford alikuwa mzamiaji wa Karema. Kazi yake ilikuwa kuingia chini ya Ziwa Tanganyika na kutoa vitu vilivyozama. Alitoa mashine za boti, nanga, na nyavu zilizonasa kwenye mawe. Mtungi ndio uliomlisha. Ni chupa nene ya alumini, inamfika mtu mzima mapajani. Hewa inashindiliwa humo, mzamiaji anaufunga mgongoni, anapumua kwa bomba. Bila mtungi, Danford alikuwa mwogeleaji tu, na Karema kila mtu anajua kuogelea.

Mke wake, Yustina, alikuwa na kazi yake hapohapo ufukweni. Alisimamia kompresa ya kikundi cha wavuvi. Kompresa ndiyo mashine inayoshindilia hewa kwenye mitungi. Yustina alifunga bomba, akawasha, akakaa karibu na mtungi akitazama mshale wa kipimo mpaka hewa ijae. Kila mtungi aliujaza kwa mikono yake mwenyewe.

Zamani Karema nzima ilikuwa na mzamiaji mmoja. Mtu akiangusha mashine ziwani aliambiwa, "Mtafute Danford." Halafu Danford akafanya kosa la kufundisha mtu.

Mtu huyo aliitwa Benedikto, kijana wa nyumba ya pili. Danford alimfundisha bure, kwa mtungi wake mwenyewe. Alimfundisha kupumua polepole, kupanda polepole, na kuongea kwa kamba. Benedikto alipojua, akaenda Kigoma kusoma zaidi. Alirudi na cheti na mtungi mpya wa njano. Tangu siku hiyo watu wakaanza kusema, "Mtafute Benedikto."

Wivu ukamwingia Danford.

Jioni moja walikuwa wanakula ugali kwa mgebuka. Yustina akasema, bila kuwaza kitu, "Leo Benedikto kaja kujaza hewa mara tatu. Ana kazi yule kijana."

Danford akaacha kutafuna. "Unamhesabia?"

"Naandika daftarini. Ndiyo kazi yangu. Namba ya mtungi, tarehe, saa."

"Na mimi umeniandika mara ngapi wiki hii?"

Yustina akachukua tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akalila. "Mara moja."

"Sema tu. Mtungi wake mzuri."

"Mtungi ni mtungi, baba Mary."

"Wa kwake una rangi. Wangu umechubuka kama punda wa kubeba chokaa. Watu wanaangalia."

"Watu wanaangalia mashine zao zitoke majini," Yustina alisema. "Kula, samaki anapoa."

Danford hakula tena. Alikuwa anautazama mtungi wake uliosimama mlangoni. Kweli ulikuwa umechakaa. Miaka saba ya mawe na boti imeukwaruza kila mahali. Shingoni ulikuwa na maandishi yaliyogongwa kwenye chuma chenyewe, herufi na namba, na uchafu umejaa ndani yake.

Sasa, Karema wana desturi moja. Kila mwaka, kabla ya Pasaka, boti zote zinapakwa rangi upya, kwa sababu Jumatatu ya Pasaka padri anashuka ufukweni kuzibariki. Boti isiyopakwa rangi siku hiyo, watu wanasema mwenyewe amefilisika. Boti iliyooza mbao inapigwa rangi mbili, na watu wanaisifu. Danford alizaliwa katika desturi hiyo. Akaona mtungi ni kama boti. Ukiupaka rangi, umeutengeneza.

Hapo ndipo alipopotea.

Mtungi ulikuwa umefikia wakati wa huduma ya mwaka. Siku ya Ijumaa Danford akapanda basi la asubuhi kwenda Mpanda. Alishuka, akaenda moja kwa moja mtaa wa Majengo kwenye duka la Osward. Osward aliuza vifaa vya kuzamia, na nyuma ya duka alikuwa na karakana ya kuhudumia mitungi, ya kuzamia na ya zimamoto. Alikuwa mtu mcheshi mwenye kitambi, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko vifaa vyake.

"Karibu, samaki wa Karema! Leo tunafanya nini?"

"Huduma ya mwaka. Fungua koki, safisha ndani, badilisha mipira. Halafu upige rangi."

"Rangi gani?"

"Njano. Ing'ae kuliko ya mtu yeyote."

Osward akacheka. "Kuna mtu amekuudhi wewe."

"Hakuna mtu. Na hii michubuko uilainishe. Na haya maandishi ya shingoni, yanauchafua. Yaondoe kabisa."

Osward alikuna kichwa. Alijua maandishi yale hayaguswi. Lakini Danford alikuwa ameshika noti mkononi, na mwezi ule biashara ilikuwa mbaya.

"Mvua hii, rangi itachelewa kukauka," Osward akasema. "Njoo baada ya wiki mbili."

"Nautaka Jumanne."

"Jumanne?"

"Wewe si fundi? Utajua mwenyewe."

Danford akalipa laki moja na ishirini. Osward akanyoosha mkono kwenye kitabu cha risiti.

"Acha," Danford akasema. "Risiti ya nini? Si tunafahamiana?"

Osward akakifunga kitabu.

Jumanne mtungi ukawa tayari, na Danford akaufuata. Ulikuwa njano kama kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Ulikuwa laini kuanzia shingoni hadi chini. Hakuuinua kuuangalia kitako. Hakugusa koki. Aliukumbatia, akapanda nao basi, akaupakata njia nzima kama mtoto wa kwanza. Mtungi ulikuwa mtupu, kwa sababu mitungi haisafirishwi na hewa ndani.

Alipofika nyumbani akamkuta mzee Apollinarie anamsubiri kwenye kiti. Mzee Apollinarie alikuwa na boti kubwa ya kupeleka dagaa. Uso wake ulikuwa umesinyaa.

"Tumsifu Yesu Kristo, mzee."

"Milele amina. Danford, mashine yangu imezama. Nguvu ya farasi arobaini. Jana, kule kwenye mawe, vijana wangu wamefungua boliti bila kuifunga kamba. Kina ni mita kumi na nane."

"Pole sana, mzee wangu."

"Pole haiitoi. Nimekuja kwako kwanza, kwa heshima, maana wewe ndiye wa zamani. Nakupa laki tatu. Lakini Jumamosi isipite. Mashine ikilala sana majini inakufa."

"Jumamosi utaiona imekaa mchangani."

"Nikikosa kwako, nitakwenda kwa yule kijana," mzee akasema. Hakukusudia ubaya. Lakini Danford alihisi kama amechomwa sindano.

Asubuhi ya Jumatano, Danford aliubeba mtungi begani mpaka kwenye kompresa. Hakupita njia ya nyuma. Alipita katikati ya ufukwe, mbele ya watu wote waliokuwa wanapaka boti rangi.

"Heee! Danford kanunua mpya!" mmoja akapiga kelele.

"Umeshinda bahati nasibu?" akauliza mwingine.

Danford alitembea polepole ili waone vizuri.

Yustina alikuwa ameshawasha kompresa. Benedikto alikuwa pale amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akisubiri mtungi wake ujae. Akasimama kwa heshima.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Yustina, jaza huu."

Yustina akaupokea mtungi, akaulaza ili afunge bomba. Benedikto akainama. Aliangalia kitako. Chini ya mtungi kulikuwa na kiatu cha plastiki nyeusi cha kuufanya usimame. Upande mmoja wa kile kiatu ulikuwa umeyeyuka na kuvimba, kama mshumaa uliowekwa karibu na jiko.

"Shemeji, subiri," Benedikto akasema. "Usifunge bomba."

"Kuna nini?" Yustina akauliza.

"Mwalimu, mtungi huu umewekwa motoni?"

Danford akamtazama. "Motoni! Ni nyama?"

"Angalia kiatu. Angalia na mpini wa koki, umepinda. Na hapa, rangi imetoa malengelenge." Akapitisha kidole shingoni. "Na namba ziko wapi?"

"Zilikuwa zinauchafua."

Yustina akazima kompresa.

"Mwalimu, huu usijazwe. Utapasuka."

Watu wawili watatu waliokuwa wanapaka rangi wakaacha brashi wakasogea.

"Sasa nimekuelewa," Danford akasema. "Umesikia kazi ya mzee Apollinarie. Laki tatu zinakuwasha. Umeona na mtungi wangu unauzidi wako. Kijicho hicho, Benedikto! Mimi nilikufundisha kupumua, leo unataka nisipumue!"

"Sio hivyo, mwalimu."

"Ni hivyohivyo! Miaka miwili unanikata riziki. Cheti, cheti! Mimi nilizama kabla hujaota meno. Yustina, jaza!"

"Shemeji, usijaze," Benedikto akasema.

"Ahaa! Sasa unamwamuru na mke wangu?"

Yustina akainuka. Alikuwa mwanamke mfupi, lakini sauti yake ilifika. "Nyie wote nyamazeni. Anayekaa hapa karibu na mtungi ni nani? Ni mimi. Ukipasuka, unampasukia nani? Mimi. Basi nielezwe mimi. Benedikto, sema."

Benedikto akapiga magoti mchangani kando ya mtungi.

"Shemeji, una sufuria ya alumini?"

"Ninazo nne."

"Umewahi kuisahau motoni bila maji?"

"Mara nyingi. Kitako kinavimba. Inakuwa laini, ukiigonga kidogo inabonyea."

"Basi na mtungi huu ni alumini. Kiwandani waliupa ugumu wake kwa vipimo. Ukiupasha moto mkali, ugumu unatoka. Ukipoa haurudi. Kwa macho ni uleule. Lakini hewa tunayoshindilia humu inasukuma kupita tairi la lori mara ishirini na zaidi. Mtungi mzima unaivumilia. Uliolegea unafunguka kama bomu. Kule Kigoma walituonyesha picha ya chumba cha kompresa. Ukuta haukuwepo."

Mtu mmoja katika wale waliosogea akarudi nyuma hatua mbili.

"Na namba?" Yustina akauliza.

"Namba ndiyo kitambulisho chake. Zinasema umetengenezwa kwa chuma gani, lini, unabeba hewa kiasi gani, umepimwa mara ya mwisho lini. Zimegongwa shingoni kwa sababu pale chuma ni kinene. Ukizisaga, umepunguza unene, na hakuna atakayejua tena mtungi huu ni upi. Hata ungekuwa haukupata moto, usio na namba haujazwi."

"Maneno ya darasani," Danford akasema. Lakini sauti yake ilikuwa imeshuka. Akachomoa kisu chake cha kuzamia. "Nitawaonyesha. Nakwangua rangi hapa, namba zipo chini yake."

Akakwangua. Rangi ikatoka. Chini yake haikuwa alumini. Ilikuwa dongo jeupe, lile la kuziba mabodi ya magari. Akakwangua tena. Dongo likatoka kipande kizima, na chini yake akaona mistari ya gurudumu la kusagia. Palikuwa na bonde la kuingia ncha ya kidole. Hapakuwa na namba hata moja.

Danford akakaa mchangani.

"Ungenijazisha hiki kitu," Yustina akasema taratibu. "Mimi, mama Mary. Ili ung'ae."

Aliwasha tena kompresa, akamaliza kuujaza mtungi wa Benedikto, akauandika daftarini, akaendelea na kazi.

Ungedhani Danford alishuka hapo. Wapi! Wivu haung'oki kama jino. Alisema moyoni, "Nitakwenda mwenyewe kwa Osward. Simhitaji huyu kijana anishike mkono." Alhamisi akapanda basi tena.

Osward alimpokea kwa kicheko kilekile. Danford alipomwonyesha shingo ya mtungi, kicheko kikaisha.

"Hivyo ndivyo ulivyokuja," Osward akasema.

"Nini? Ulikuja na namba! Ulikuja na kiatu kizima!"

"Una risiti?"

"Wewe si unajua sikuchukua!"

"Una picha yake kabla ya kuja hapa?"

"Sina."

"Karatasi yoyote inayosema nilipokea mtungi wa namba fulani, katika hali fulani?"

Danford hakuwa nayo.

"Basi, ndugu yangu," Osward akasema, "mimi najuaje kama huu ndio mtungi niliouhudumia?"

Danford akarudi Karema na mtungi wake wa njano. Safari hii hakuupakata. Aliuweka chini ya kiti na kuusukuma kwa mguu.

Jumamosi ikafika. Mzee Apollinarie akaenda nyumba ya pili, kama alivyosema. Benedikto akakubali kazi. Halafu akafanya jambo ambalo Danford hakulitegemea. Alikuja mlangoni kwake.

"Mwalimu, nahitaji mtu wa kamba."

Mtu wa kamba anabaki juu ya boti. Anashika kamba iliyofungwa kwa mzamiaji, na kwa kamba hiyo wanaongea. Mvuto mmoja, niko salama. Miwili, nipe kamba zaidi. Mitatu, nivute.

"Wako vijana wengi," Danford akasema.

"Kwenye mawe yale sitaki kijana. Nataka mtu anayejua."

Yustina alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Nenda, baba Mary."

Akaenda. Akakaa ukingoni mwa boti, kamba mkononi, akitazama mapovu ya mtu mwingine yakipanda. Roho ilimuuma, tusidanganyane. Kila kamba ilipovutwa alikumbuka kwamba lugha ile ni yeye aliyeifundisha. Laki tatu zilikuwa chini pale, mita kumi na nane, na aliyezigusa si yeye. Alifikiria mambo mabaya kadhaa. Lakini mikono yake haikufikiria. Mvuto mmoja, akajibu mmoja. Miwili, akalegeza. Mara kamba ikakaa kimya muda mrefu, na Danford akajikuta anahesabu kwa sauti, jasho linamtoka.

"Kuna nini?" mzee Apollinarie akauliza.

"Nyamaza, mzee. Nahesabu."

Akavuta mara moja. Hakujibiwa. Akavuta tena. Ndipo mvuto ukaja, mmoja, wa nguvu. Danford akashusha pumzi. Alishangaa jinsi alivyofurahi.

Mashine ikatoka saa tano asubuhi. Benedikto akalipwa laki tatu, na palepale akahesabu elfu hamsini, akampa Danford. Danford akazipokea. Akazikunja. Halafu akasema lile lililokuwa linamkaba tangu Alhamisi.

"Benedikto, ile picha ya mwaka juzi. Ile uliyopiga pale kompresa uliporudi Kigoma. Mimi na wewe na mitungi."

"Ipo."

"Nilikuambia uifute."

"Uliniambia."

Danford aliichukia picha ile. Ndani yake mtungi wa Benedikto uling'aa, na wa kwake ulionekana kama mzoga.

"Hukuifuta?"

"Ni picha yangu na mwalimu wangu. Niifute kwa nini?"

Akatoa simu. Mtungi wa Danford ulikuwa pale, mchafu, mzima. Kiatu chini kiko sawa. Benedikto akaivuta picha kwa vidole, na namba za shingoni zikasomeka moja baada ya nyingine. Yustina akaleta daftari la kompresa. Ukurasa baada ya ukurasa, miaka mitatu, namba zilikuwa zilezile.

"Sasa twende kwa utaratibu," Benedikto akasema. "Usiukwangue tena. Usijaribu kuutengeneza. Usimpe mtu mwingine ajaribu kuujaza. Unabaki kama ulivyo, ndio ushahidi. Tunaandika barua fupi: tarehe uliyoupeleka, tarehe uliyouchukua, kazi uliyoagiza, ubovu ulioonekana."

"Niandike na kwamba nilimwambia aondoe namba?"

"Uliagiza?"

"Niliagiza."

"Basi andika. Ukificha hilo, na mengine hawatayaamini."

Jumatatu walikwenda Mpanda wote wawili. Kwanza walipita ofisi ya biashara ya manispaa. Ofisa biashara, mama mmoja asiye na maneno mengi, alisoma barua, akatazama picha na daftari, akampigia Osward simu aje. Siku hiyo alikuwepo mjini mkaguzi wa mitungi, amekuja kukagua ile ya oksijeni ya hospitali. Naye akaitwa. Aliugeuza mtungi, akagusa bonde la shingoni, akanusa malengelenge ya rangi.

"Uliukausha kwa kitu gani?" akamuuliza Osward.

Osward alitazama picha kwenye simu. Akatazama daftari. Ucheshi ulikuwa umemwisha.

"Mvua haikukatika," akasema. "Tuliuning'iniza juu ya jiko la mkaa. Lile la pipa. Tukauacha tangu asubuhi mpaka jioni."

"Huu umekufa," mkaguzi akasema. "Haupimwi, hautengenezwi, hauuzwi. Unatobolewa."

"Mteja ndiye aliyetaka!" Osward akasema. "Yeye ndiye aliyesema namba ziondolewe!"

"Mteja ni mzamiaji," ofisa biashara akajibu. "Fundi ni wewe. Ulijua namba haziondolewi?"

"Nilijua."

"Na wewe," akamgeukia Danford, "ulijua?"

"Sikujua. Lakini sikuuliza. Nilitaka ung'ae."

Mama yule akaandika. Mwisho wakakubaliana hivi. Osward atarudisha pesa yote ya huduma, na atalipa nusu ya mtungi mwingine wenye namba na cheti cha kupimwa. Nusu ya pili atalipa Danford, kwa sababu rangi na kusaga aliagiza mwenyewe. Wakaweka sahihi. Kisha mkaguzi akaomba mashine ya kutoboa, akautoboa mtungi wa njano mashimo mawili mbele yao, ili mtu yeyote asije akauokota na kuujaza.

Njiani kurudi Danford aliuliza jambo ambalo hakuwahi kuliuliza.

"Sasa mtu akipeleka mtungi dukani, anafanyaje?"

"Kabla ya kuutoa mkononi, unaupiga picha pande zote, na namba," Benedikto akasema. "Unaandikiwa risiti yenye namba hizo na kazi yenyewe. Huagizi rangi ya kukaushwa kwa moto, wala kusaga popote. Ukienda kuuchukua, unaukagua palepale, fundi akiwa mbele yako. Namba, koki, kitako, mikwaruzo mipya. Ukiona kasoro, unasema kabla hujatoka mlangoni."

"Mimi niliukumbatia tu."

"Niliona," Benedikto akasema. Wakacheka wote wawili, Danford kidogo kuliko mwenzake.

Jumatatu ya Pasaka padri akabariki boti. Danford alisimama kando, mikono mitupu. Mtungi wake wa pili ulifika Jumatano iliyofuata kutoka Dar es Salaam. Ulikuwa wa kijivu, umechubuka ubavuni, na shingoni namba zimejaa kama kokoto. Yustina alizisoma moja moja, akaziandika, akapiga picha pande nne kwa simu yake. Halafu akakaa karibu na mtungi, akawasha kompresa. Danford alimtazama mpaka mshale ulipofika mahali pake. Tangu siku hiyo hakuna mtungi unaojazwa Karema bila Yustina kusoma namba kwanza, na mwenye mtungi usio na namba anarudishwa nao, hata akiwa mumewe.

Rangi ile ya njano iligharimu hivi. Mtungi mmoja uliofanya kazi miaka saba, na ungefanya mingine mingi. Laki nne, nusu ya mtungi wa pili. Nauli za safari nne, ya mwisho ya watu wawili, na siku nne za barabarani. Laki mbili na nusu za mashine ya mzee Apollinarie. Siku kumi na tisa bila kuingia majini. Na Yustina, ambaye zamani alikuwa anajaza mtungi wa mumewe bila kuukagua, sasa anaukagua.